Namna ya kuwashawishi wazazi wanunue gari inayonusa mafuta

Kama una leseni, bado unaishi kwenu, gari ya nyumbani ni Harrier au Mark X au Prado ya mzee, na wewe unatamani inunuliwe gari ndogo isiyokula mafuta, hii nimekuandikia wewe. Naongelea zaidi Dar maana ndo foleni ninayoijua, lakini hesabu ni ileile ukiwa Mwanza, Arusha hata Mombasa.

Kitu ambacho vijana wengi wanakiruka ni hiki. Wazazi hawakatai gari ndogo kwa kuwa hawajui inatumia mafuta kidogo, wanajua sana tu. Wanakataa kwa sababu kijana anakuja na picha ya gari anayoitaka yeye, afu akiulizwa "sasa hiyo itafanya safari zipi?" anaanza kujiumauma. Ukweli ni kwamba gari ndogo inaokoa pesa pale tu inapochukua safari ambazo gari kubwa inazifanya leo. Kama Harrier itaendelea kwenda mjini kila siku na wewe uko na Passo yako unazunguka Mlimani City, hapo nyumbani hapajaokolewa kitu, yameongezeka matumizi. Kwa hiyo kila utakachokusanya kuanzia sasa kijibu hilo swali moja.

Anza kwa kupima gari mliyonayo. Usiende kusema "baba hii gari inakula sana", hilo kila mtu anasema na halina uzito. Nenda sheli, jaza ful tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, wasikuongezee kidogo kidogo kufikisha namba nzuri, afu rudisha ile trip ya kwenye dashbodi iwe sifuri. Endesheni kama kawaida yenu. Mafuta yakikaribia robo rudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, jaza tena mpaka ijikate, halafu chukua kilomita ulizotembea gawa kwa lita zilizoingia mara hii ya pili. Ukikuta umetembea kilomita 312 na zimeingia lita 38, gari yenu inaenda kilomita 8 na kidogo kwa lita, na kwa Harrier ya cc 2400 kwenye foleni za Dar hiyo wala sio ajabu. Rudia tenki kadhaa maana tenki moja linadanganya, wiki ya mvua haifanani na wiki shule zimefungwa. Risiti za EFD usizitupe, pale pana lita na pana bei, ila zipige picha siku hiyohiyo kwa sababu ile karatasi ikikaa juani kwenye dashbodi maandishi yanafutika yote. Mzee anaweza kubishana na wewe usiku kucha, lakini na risiti alizolipa mwenyewe atabishana nazo vipi?

Kipindi hichohicho unachopima, andika safari. Nani alienda wapi, kilomita ngapi, walikuwa watu wangapi ndani ya gari. Hii ya watu wangapi ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu nyumba nyingi utakuta gari ya siti tano au saba, inazunguka wiki nzima ikiwa na mtu mmoja au wawili, kazini, sokoni, kanisani au msikitini, kumpeleka mdogo wenu shule. Hizo ndo safari ambazo gari ndogo inaweza kuzibeba, na orodha hiyo ikiwa mbele ya wazazi wanaiona wenyewe bila wewe kusema neno.

Sasa hesabu. Bei za mafuta EWURA wanatangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, ukipiga *152*00# unazipata kwenye simu, kwa hiyo weka bei ya mwezi wako na ya mkoa wako. Mimi hapa nachukua 3,000 kwa lita ili iwe rahisi kufuatilia. Tuseme mnakaa Kimara na safari zote za mjini kwa mwezi zinafika kilomita 1,000. Gari ya kilomita 8 kwa lita itachoma lita 125, hiyo ni 375,000 kwa mwezi. Gari ya kilomita 15 kwa lita itachoma lita 67 hivi, kama 200,000. Tofauti ni 175,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni milioni 2 na laki moja. Na usimpigie hesabu mzee kwa zile kilomita 20 na kitu kwa lita zilizoandikwa kwenye katalogi ya Kijapani, zile zimepimwa maabara, hazijawahi kuona foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni. Tafuta mtu anayeendesha gari hiyohiyo hapa mjini, mwombe apime kwa staili ya tenki kama ulivyopima wewe, tumia namba yake hata kama ni ndogo. Ukipeleka namba kubwa na baadaye gari ikaja ikaenda 13, umejiharibia neno lako kwa miaka.

Hapa ndo naomba uwe mkweli kuliko dalali. Kama wazazi wanabaki na gari kubwa na wananunua ndogo kwa milioni 14, ukichukua 14,000,000 ukagawa kwa 175,000 unapata miezi 80, yaani zaidi ya miaka sita na nusu ndo wese lirudishe hela ya gari, na hapo hujaweka bima, tairi wala sevisi ya gari ya pili. Mzee akikaa na kalamu ataifikia hiyo namba mwenyewe, bora aipate kwako. Kwa hiyo hoja ya mafuta peke yake inashinda kwenye hali tatu. Moja, wazazi tayari wana mpango wa kununua gari nyingine, hapo kazi yako ni kuwavuta wachague cc ndogo tu. Mbili, wako tayari kuuza kubwa, wanunue ndogo na chenji ibaki, hii ndo yenye nguvu kabisa hasa kama watoto wengine wameshaondoka nyumbani. Tatu, kuna hela nyingine zinatoka ambazo hakuna anayezihesabu, Bolt za mama, bodaboda zako za chuo, bajaji ya mdogo wako kila asubuhi. Zikifika laki moja na ishirini kwa mwezi, jumlisha na ile 175,000, zile miezi 80 zinashuka mpaka 47 au 48, na mwisho wa siku gari bado ipo na inauzika. Kama familia yenu haipo kwenye hizo hali tatu, mimi ningekushauri usubiri.

Kuna jambo la kodi ambalo wazazi wengi wanalisikia kijuujuu. Ukiagiza gari used kutoka Japani, mbali na ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: isiyozidi cc 1000 haulipi, cc 1001 mpaka 2000 ni asilimia 5, na zaidi ya 2000 ni asilimia 10. Afu kuna wa umri, gari ya miaka 8 mpaka 10 inaongezwa asilimia 15, iliyozidi miaka 10 asilimia 30. Kwa hiyo Passo au Vitz ya cc 996 ambayo haijazeeka inapumua bandarini, wakati Crown ya cc 2500 ya zamani inapigwa kotekote. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA cha magari used, weka aina, mwaka na cc, chapisha karatasi mbili, moja ya gari ndogo moja ya ile mzee anayoitamani, ziweke pembeni kwa pembeni. Na hii pia iseme: ile road license ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta, ina maana anayechoma lita nyingi ndo anayelipa zaidi, na anayechoma chache analipa kidogo. Wazee wengi hili linawagusa. Wa Kenya nyie mna sheria yenu ya miaka 8 na bei zenu za EPRA kila tarehe 14, badilisheni namba, mpango ubaki huohuo.

Gari gani upendekeze? Peleka mbili au tatu, sio moja, mzazi anataka kuchagua na sio kupigishwa mhuri. IST ndo rahisi kuiuza nyumbani kwa sababu kila mtaa ipo, ya cc 1300 au 1500, gia boksi ya kawaida ya gia nne, spea zake Gerezani unachagua mpya, na Shaurimoyo unapata used. Tatizo ni kwamba ile ya kwanza ya 2002 mpaka 2007 imeshapita miaka 10, ukiagiza kodi ya umri inaiumiza, kwa hiyo nyingi mtanunua hapahapa, na yenye usajili wa zamani wa namba D iliyotunzwa na mtu mmoja ni nzuri kuliko ya namba E iliyosajiliwa juzi ikapigwa kazi ya Bolt usiku na mchana. Passo na Vitz za cc 996 zina injini ya pistoni tatu, ukisimama kwenye taa unaisikia inatetemeka kidogo, waambie wazazi mapema ili siku ya majaribio mama asidhani mbovu. Zenye CVT, yaani gia boksi otomatiki isiyo na gia za kuhesabu, zinataka oili yake maalum, fundi akimimina ya kawaida mmekwisha. Kama mzee hawezi kabisa kushuka hadhi, kuna Premio ya cc 1500, imetulia, ina buti, inaonekana gari ya mtu mzima, na injini yake ni ileile ya IST ya 1500. Ni nzito zaidi kwa hiyo hainusi kama Passo, lakini ukitoka kwenye Mark X ya cc 2500 bado umeokoa sana. Binafsi naona Premio imemaliza kesi nyingi kuliko gari yoyote, maana kijana anapata mafuta kidogo na baba anapata heshima yake kwenye kikao cha harusi.

Hybrid kama Aqua na Prius ndo zinazofaa foleni kuliko zote, ukienda polepole injini inajizima unatembea na betri, ukifunga breki inajichaji. Lakini wazazi watauliza betri, na wana haki. Betri inachoka kweli, na kwenye Aqua iko chini ya siti ya nyuma na inapumua kupitia tundu lililo pembeni ya siti, watu wanaweka mifuko pale, vumbi linaziba, betri inapata joto na kufa mapema. Kama utapendekeza hybrid nenda na jina la fundi anayezijua na ripoti ya betri iliyosomwa na mashine. Kama huna hivyo viwili usiitaje, itakuharibia hata hoja zilizokuwa zimekubalika.

Watakuuliza pia "kwa nini tusifunge gesi tu kwenye hii tuliyonayo?" Usiikwepe, ni swali zuri. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) wanafunga mfumo wa CNG, yaani gesi asilia, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kununua gari nyingine. Mtungi unakula buti, vituo bado ni vichache na foleni zake zinajulikana. Kama mnakaa karibu na kituo na gari ya mzee injini yake nzima, inawezekana gesi ndo jibu sahihi kwenu, na ukisema hivyo kwa mdomo wako mwenyewe wataanza kukusikiliza kama mtu mzima.

Hofu kubwa kuliko zote haipo kwenye karatasi. Ni usalama. Mama mmoja aliniambia mbele ya mwanae, "kigari hicho daladala ikikibana, mwanangu nitamtoa wapi?" Usicheke na usiseme "ah mama ajali ni ajali." Gari nyepesi ikikutana na nzito inaumia zaidi, huo ni ukweli na mzazi anaujua. Jibu lako liwe vitu vya kushika: gari lazima iwe na airbag zinazofanya kazi, ABS ya kuzuia tairi zisikwame ukifunga breki ghafla, mikanda mpaka siti ya nyuma, tairi mpya na sio zile za kuokoteza. Vitz iliyotoka 2005 kule Ulaya inaitwa Yaris na Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari kule, waliipa nyota 5 mwaka huohuo, ila zilizotengenezwa kwa soko la Japani nyingine zina airbag chache, kwa hiyo kagua ile mnayonunua na usitembee na sifa za ya Ulaya. Halafu weka ahadi inayopimika, gari hii ni ya mjini, usiku wa manane hailali barabarani na safari ndefu haiendi. Safari za Morogoro na Dodoma treni ya SGR inafanya kazi tangu 2024, na Krismasi mkienda Moshi familia nzima, gari kubwa ndo itatoka. Hapo umeishusha hofu ya mama na papo hapo umejibu lile swali la kwanza, kila gari ina safari zake.

Heshima nayo ichunge. Ile Harrier baba aliinunua kwa jasho, labda ndo gari yake ya kwanza ya maana, kuna siku alirudi nayo majirani wakatoka nje kuangalia. Ukiiita "mzigo" au "inatunyonya" umemtukana bila kujua. Isifie kwa inachofanya vizuri, kisha onyesha kwamba ikipumzika safari za mjini itadumu zaidi, kilomita hazipandi, shokapu na bushi zinapona.

Kabla hujafungua mdomo kabisa, fanya kitu kwenye gari iliyopo. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye ile stika ya nguzo ya mlango wa dereva, angalia ea klina, toa madumu na matofali yaliyolala buti tangu msiba wa mwaka jana, endesha bila kukanyaga mafuta kwa hasira halafu unafunga breki mita hamsini mbele. Pima tena tenki. Namba ikipanda hata kidogo, mzee ameona kwa macho yake kwamba unajali hela yake na sio kwamba unatafuta kigari cha kutambia chuoni. Kwangu hii inafanya kazi kuliko maneno yote mengine humu.

Kuongea kwenyewe kuna wakati wake. Januari na Julai ada zinadai, achana nazo. Baba akitoka kwenye foleni jioni mwache ale. Jumapili baada ya chakula cha mchana ni pazuri, na omba siku kadhaa kabla: "Shikamoo baba. Naomba siku ukipata nafasi nizungumze na wewe na mama, kuna hesabu ya mafuta nataka mniangalizie." Neno "mniangalizie" linawaweka wao kuwa waamuzi, ambao kweli ndo walivyo. Kama nyumbani kwenu mama ndo anashika hela, mtangulie yeye, akikubali karatasi atajua mwenyewe aifikishe vipi. Na kama baba ni wa kutosikiliza mtoto, usilazimishe, kuna mjomba au baba mdogo au fundi wake wa miaka yote ambaye akisema jambo linasikika. Fundi hasa, mpelekee karatasi yako aikosoe kwanza, akikubaliana nayo mwombe siku mzee akienda sevisi aligusie. Kwenda na mtu wa kukusemea ni utaratibu wetu tangu zamani, tumia.

Karatasi iwe moja tu, upande mmoja, maandishi makubwa ambayo baba anayasoma bila kutafuta miwani. Juu weka safari za mwezi na lita zilizochomwa, katikati hesabu ya gari mbili, chini mchango wako. Hapo kwenye mchango usiandike "nitasaidia", andika vitu: wese la safari zangu binafsi nanunua mwenyewe, mdogo wangu nampeleka shule Jumatatu mpaka Ijumaa, mama nampeleka soko Jumamosi asubuhi, bima ndogo ya mwaka nachangia kiasi fulani, rekodi ya mafuta naendelea kuiandika na kuwaonyesha kila mwisho wa mwezi. Andika tu kile utakachotimiza hata ukiwa umechoka.

Wakisema "tutaangalia", shukuru, acha karatasi mezani na usiulize kesho yake. EWURA wakitoa bei mpya andika hesabu upya kwa kalamu pembeni ya ile ya zamani. Wakisema hapana uliza kwa upole ni kipi hakijakaa sawa, mara nyingi ni kitu kimoja tu, labda bei, labda hofu ya mama, na hicho kinarekebishika.

Wakikubali, msikimbilie dalali siku hiyohiyo. Nendeni na fundi asubuhi, mwambieni muuzaji asiiwashe kabla hamjafika kwa sababu injini ya baridi haifichi moshi wala kelele, angalieni oili, pandeni na kushuka mlima nayo, na kama imetoka Japani karibuni ombeni ripoti ya mnada mlinganishe kilomita zake na za kwenye dashbodi, kuchezea kilomita kupo sana. Linganisheni chesesi namba na kadi. Hela itoke mkataba ukiwa umeandikwa, na kadi ibadilishwe TRA iingie jina la mzazi mapema, maana faini za muuzaji zikija baadaye zinakuja na namba ya gari. Siku ya kwanza ikifika nyumbani ipeleke sheli, jaza ful tenki, rudisha trip sifuri.